Fundi Asiyekula kwa Mwenye Nyumba

Ninyi vijana mnaojifunza ujenzi siku hizi mmezikuta mashine. Mnashindilia udongo na simenti kidogo ndani ya chuma, tofali linatoka limenyooka, lina meno ya kushikana na mwenzake, wala halitaki kuni wala tanuri. Sisi hapa kambini Nakivale, Uganda, tulianza kwa miti, nyasi na matope, na juu shitingi, yale maturubai meupe ya msaada. Baadaye tukahamia tofali bichi la kukausha juani, lile ambalo Warundi huliita rukarakara. Nimejenga nalo mpaka mgongo ulipogoma. Sasa nakaa mbele ya nyumba nawatazama mkipita na pimamaji zenu mpya, na mara kwa mara mmoja wenu husimama kuniuliza ukuta mzuri unatokana na nini.

Unatokana na udongo wa kichuguu, kwanza. Mchwa wameshauchagua kabla yako, nawe usijifanye unajua kuliko mchwa. Uloweshe, uviringishe kiganjani mpaka uwe kama kamba. Ukikatika upesi una mchanga mwingi. Ukipinda tu bila dalili ya kukatika, utapasuka ukikauka, kwa hiyo uchanganye na nyasi zilizokatwakatwa. Pili, iheshimuni mvua. Ukuta wa tofali bichi usio na bati ni tope linalosubiri siku yake. Ukianza kupandisha, uwe unajua paa linakuja lini, wala usiniambie mambo ya "tutaona".

La tatu hamtafundishwa chuoni. Fundi hula chakula cha mwenye nyumba.

Msicheke. Kwetu mwenye nyumba, awe na pesa au asiwe nazo, adhuhuri huwaita mafundi kula. Hata kama ni maharage yenye wadudu, unanawa, unakula, unashukuru. Fundi akikataa, maneno huanza. Watu watasema anamdharau mama wa watu, au anamshuku ana sumu, au ana jambo moyoni. Na nyumba iliyojengwa na fundi asiyekula, watu huihamia kwa mashaka.

Nilijifunza hilo kwa Salvatori, Mrundi aliyenifundisha kazi. Nilikuwa nimetoka Fizi, Kongo, na mikono laini ya mtu aliyezoea kuuza vitenge. Yeye alikuwa fundi tangu Bururi, Mkatoliki wa kupindukia, hawezi kuweka jiwe la kwanza la msingi bila kupiga ishara ya msalaba. Siku moja tulikuwa Rugaaga tunamjengea mkulima Mnyankore. Mkewe akatuletea ugali wa ulezi na eshabwe, ule mchuzi mweupe wa samli wanaoupenda watu wa huko. Nilionja, ladha ikanishinda. Nikaegesha sahani kando taratibu, nikidhani sionekani.

"Sha," Salvatori akaninong'oneza, kama Warundi wanavyomwita kijana wao, "huyu mama hana deni kwako. Amekupikia kwa sababu amependa. Unamrudishia uso gani?"

"Siwezi kumeza, mzee."

"Basi meza bila kuweza."

Nilimeza. Machozi yalinitoka, mama wa watu akafikiri nimeguswa na ukarimu wake, akaniongeza.

Kazi yangu nyingine ilikuwa Mbarara, kwenye ghorofa moja ya maduka. Huko ndiko nilikoshika mwiko kwenye simenti mara ya kwanza, na kwa hofu ya kuaibika nilikuwa nachanganya simenti tele kwenye plasta. Nilijiambia kwamba kilicho kizuri kikizidi kitakuwa kizuri zaidi. Fomani, Mganda mmoja mwenye tumbo na filimbi, akaja kunitazama.

"Wewe muzee wa kambi," akasema, "mbona unaogopa hii ukuta? Unaweka simenti mingi kama mutu anaomba musamaha. Itapasuka hii, ssebo. Utaona."

Wiki haikuisha, plasta yote ikawa na nyufa kama kisigino cha kiangazi. Nikaibandua kwa nyundo, mafundi wa Mbarara wakipita na kunipigia makofi. Tangu hapo naijua hiyo: simenti ikizidi, plasta husinyaa na kupasuka. Kuogopa si ufundi.

Sasa niwaeleze habari ya Byamungu. Yeye mnamjua. Ni yule anayechimbia wazee vyoo na kuwakandikia kuta bila kutumwa na mtu. Mnampita mnasema ni mtu mwema, basi. Kabla hajawa hivyo alikuwa mbeba matofali wangu, na sijapata kuwa na mbeba matofali mwenye nguvu wala mwenye kuchosha roho kama yeye.

Byamungu ni Mkongomani mwenzangu wa Kivu ya Kusini. Vita vilipofika kijijini kwao alikimbia na mama yake mzazi, mkongwe wa kushikwa mkono, na mjane wa kaka yake, Mama Riziki, ambaye Riziki wake alikuwa bado mgongoni. Walipofika mtoni maji yalikuwa yamejaa. Byamungu akavuka kwanza na mizigo, akawaambia wamngoje, atarudi kuwavusha. Ng'ambo ile akasikia risasi, miguu ikamchukua, hakurudi. Mama yake akafia pale ukingoni. Mama Riziki akamzika peke yake kwa jembe la mkono, akavuka maji yalipopungua, na baada ya mizunguko mingi akaja kushukia Nakivale, kijiji kilekile alichokuwa akiishi Byamungu, kanisa lilelile.

Jumapili Byamungu alipomwona ameketi upande wa akina mama, alisimama katikati ya ibada akasema yote. Hakuulizwa. Alisema mpaka sauti ikakatika. Mchungaji wetu, mtu mwema na msomaji sana wa maandiko, akafanya kama desturi ya kanisa letu inavyotaka: akamweka chini ya nidhamu. Hamna kuimba kwaya, hamna Meza ya Bwana, unakaa benchi la nyuma mpaka wazee waridhike. "Tungoje matunda ya toba," mchungaji akasema.

Basi Byamungu akaamua kuyaleta hayo matunda. Mama Riziki alikuwa bado analala ndani ya shitingi lililochanika. Akaja kwangu na Salvatori, akasema atamjengea nyumba. Tofali atafyatua mwenyewe, maji atachota mwenyewe, miti atatafuta mwenyewe. Sisi tumpimie na tumwongoze, basi. Tulikubali. Salvatori alikuwa ameshazeeka, mimi ndiye niliyekuwa napanda jukwaani, yeye anakaa chini na timazi anatukosoa.

Sijawahi kuona mtu akifanya kazi namna ile. Mapambazuko yalimkuta kwenye shimo la udongo. Ukimwambia pumzika, anachukua sururu. Tulipanga vyumba viwili, akaongeza cha tatu. Tukamaliza kuweka msingi, akaanza kuchimba choo. Choo hakijaisha, anauliza kama baraza haliwezi kuzunguka pande zote. Mwenyewe Mama Riziki hakuwa ameomba hata dirisha. Alikuwa anatutazama tu, anakwenda shambani, anarudi, anapika.

Na kila adhuhuri ilikuwa vilevile. Mama Riziki ni mwembamba, mpole wa sauti, lakini si wa kuyumbishwa. Anakuja na maji ya kunawa na sufuria ya bugali, ugali wetu wa Kongo, na sombe la majani ya muhogo au maharage, wakati mwingine ndagala wa kwenye mfuko.

"Shemeji, kuya ukule."

"Asante, shemeji. Niko na yangu."

Byamungu anatoa mahindi ya kuchoma mfukoni, anakwenda kukaa nyuma ya lundo la tofali, anatugeuzia mgongo. Mimi na Salvatori tunakula. Mama Riziki anaitazama sehemu ya Byamungu inapoa, kisha anaifunika na kuirudisha ndani. Kesho yake anaita tena, kwa sauti ileile. Mimi niliona haya kwa niaba ya wote wawili. Majirani nao walishaanza. Mmoja akaniuliza kama ni kweli Byamungu anaogopa kulishwa sumu na mjane wa kaka yake.

Nilimvuta kando nikamuuliza.

"Fundi," akanijibu bila kuniangalia, "ule mama alizika mama yangu. Ile kazi ilikuwa ya mikono yangu. Sasa nikule bugali yake na hii mikono? Nimalize nyumba kwanza. Nikimaliza, pengine nitaweza."

"Na ukimaliza usipoweza?"

"Nitaongeza kitu ingine."

Mimi na Salvatori tulikuwa na mchezo wetu wa miaka. Mimi Mprotestanti, yeye Mkatoliki, na kazi ya kuunga tofali ni ya mikono tu, mdomo unakaa bure. Nilizoea kumtania kwamba wao wanakwenda mbinguni kwa ngazi, kila tendo jema kipago kimoja, na mwenye kifua kibovu atachoka njiani. Naye ananijibu kwamba sisi tunakwenda tumelala kwenye machela, tunaimba, tunasubiri wengine watubebe. Nikimtajia mtume aliyeandika kuwa tunaokolewa kwa neema, ananitajia yule mwingine aliyeandika kuwa imani isiyotenda imekufa. Hatukuwahi kupatana na hatukuwa na haja. Tulimaliza kuta nyingi kwa mabishano hayo.

Lakini kwa Byamungu, Salvatori hakutania.

"Tazama vizuri," akaniambia siku moja, huku timazi likining'inia. "Mchungaji wenu anahubiri kila Jumapili kwamba ni bure. Halafu anasimama mlangoni kutazama umebeba nini. Huyu kijana amemsikia mlangoni, kwenye mimbari hakumsikia."

"Kwani ninyi si ndio mnaopenda matendo?"

"Tunayapenda. Lakini hili si tendo jema, sha. Anajenga ili asikutane na huyu mama. Kila tofali analiweka kati yao."

Mimi nilikuwa nafikiria mbao za kenchi, maana mawingu yalikuwa yanaanza kukusanyika upande wa Kabingo na kuta zilikuwa zimefika mwisho. Bati tulikuwa nazo, zimeegeshwa kwa jirani. Kazi iliyobaki ilikuwa ya siku chache. Asubuhi tuliyopanga kupandisha paa, Mama Riziki akatoka, akasimama mbele ya ngazi yangu.

"Fundi, shuka. Bati haipande."

"Kuna nini, mama?"

"Hakuna kitu. Niko naita huyu mutu kukula tangu ule siku munachimba musingi, anakataa. Nyumba ya mutu mwenye anakataa bugali yangu, mimi nitaikalia namna gani? Akule kwanza. Akikula, munapandisha."

Nilimwonyesha mawingu. Nilimweleza tope linavyofanya likinyeshewa. Akanisikiliza kwa adabu mpaka nikaishiwa.

"Nimesikia, fundi. Mvua ni ya Mungu. Akule."

Byamungu alikuwa amesimama na tofali mikononi. Akaliweka chini. Akasema, "Shemeji, niruhusu nimalize. Nakuomba pardon, niruhusu nimalize kwanza." Mama Riziki akarudi jikoni.

Vijana, mimi nimepatanisha fundi na mteja mara nyingi kuliko ninavyokumbuka. Nilikwenda huku na kule kati ya yule mwanamke na yule mwanamume, na sikuambulia kitu. Mwanamke hataki nyumba bila mtu, mwanamume hataki kula bila nyumba. Nilimwita mchungaji. Akaja, akakaa na Byamungu, akamwambia wazee wameona kazi yake na wanafikiria kumwondolea nidhamu paa likipanda. Alikusudia mema. Byamungu akaondoka pale na hamu zaidi ya paa na hofu zaidi ya sahani. Niliwakasirikia wote watatu. Sikujali imani wala matendo. Nilikuwa na ukuta uchi na msimu unaingia.

Tulifunika kuta kwa nyasi na vipande vya shitingi, tukawekea mawe juu. Siku mbili tatu zikapita hivyo. Byamungu hakukaa bure, alikuwa anapanga mawe ya njia kutoka barabarani hadi mlangoni, njia ambayo hakuna mtu aliyeihitaji.

Mvua ilikuja mchana, na upepo mbele yake. Nyasi ziliruka kwanza, kisha shitingi. Sisi tulijibanza kwenye jiko la Mama Riziki, mimi, Salvatori, yeye na binti yake, tukiangalia. Byamungu alikuwa nje. Alipanda kwenye jukwaa, akalala juu ya ukuta kuufunika kwa mwili wake. Nilimwita ashuke, ngurumo ikameza sauti yangu. Kisha nikaona kona ya upande wa mlima inaanza kuvimba, kama inavyovimba kabla ya kuanguka, na nikamwita tena kwa nguvu zote, akaruka. Kona ikashuka taratibu, haikufanya hata kishindo kikubwa. Ilikaa chini tu, kama mtu aliyechoka.

Alipiga magoti palepale akaanza kukusanya tope kwa mikono. Mvua inapiga, yeye anafinyanga matofali kwa viganja, anayapanga, yanayeyuka, anafinyanga mengine. Mchungaji alikuwa amefika kwa habari za upepo, amesimama na mwavuli wake ukingoni mwa kiwanja. Akafungua kinywa kusema neno. Salvatori akainua kidole, mchungaji akanyamaza. Nitamheshimu kwa hilo mpaka kufa.

Mama Riziki akapakua. Akafunika sahani kwa sahani, akachukua birika la maji ya kunawa ingawa mbingu nzima ilikuwa maji, akatoka. Kitenge chake kililowa kabla hajafika. Akasimama mbele yake.

"Byamungu," akamwita. Sikuwa nimewahi kumsikia akimwita jina. "Ikala chini."

"Niache nitengeneze hii."

"Ikala, nakuambia. Unajua mama alisema nini pale ku maji, mbele ya kufa?"

Mikono ya Byamungu ikasimama ndani ya tope. "Sitaki kusikia."

"Utasikia. Hakukulaani. Hakuuliza juu ya nini haukurudi. Alisema: 'Byamungu alienda bila kukula kitu. Ukimukuta, umupe chakula, juu atakuwa na njaa.' Akasema ile tu. Akalala."

Mimi nilikuwa nimetoka jikoni nikimfuata, nimesimama hatua chache nyuma yake.

"Ile bugali nakuletea kila siku, haiko yangu," akaendelea. "Ni ya mama. Mimi natumwa tu. Na weye unanikimbia na mahindi yako."

Byamungu akainua uso. Ulikuwa mzee ghafla. "Juu ya nini haukuniambia?"

"Ningekuambia, ungelia, halafu ungenijengea nyumba ingine." Akasogeza birika karibu. "Mimi nilikusamehe kule kule, na jembe mu mikono. Sikuwa nangoja nyumba. Nilikuwa nangoja ukule."

Akamwinamishia birika. Byamungu alitazama mikono yake iliyojaa tope hadi viwiko, akaificha nyuma. Mama Riziki aliendelea kushika birika limeinama, maji yanamwagika bure chini. Mwishowe Byamungu akaitoa mikono, mmoja kisha mwingine, naye akamnawisha kama unavyomnawisha mtoto, akisugua katikati ya vidole.

Alikula palepale, ameketi kwenye tope la kona iliyoanguka, mgongo umeegemea ukuta uliosalia. Tonge la kwanza lilichukua muda kushuka. La pili likafuata, kisha akala kwa haraka, kwa mikono yote miwili, kama mtu anayekula kwa njaa ya miaka. Mama Riziki alichuchumaa mbele yake, amekamata sahani ya kufunikia juu ya chakula isije mvua ikajaa ndani.

Sahani ikawa tupu. Byamungu aliitazama, akasita, kisha akainyoosha kwake kwa mikono yote miwili.

"Uniongezee kidogo, shemeji."

Mama Riziki akaondoka mbio kwenda jikoni.